Mwenye Fimbo ya Mteremko

Ukimfikia mahali popote, iwe langoni kwake, kanisani au kwenye foleni ya dawa ya ng'ombe, hakuanza na habari za nyumbani. Alitazama juu ya bega lako, akanyoosha shingo kidogo, akauliza, "Nyuma yako kuna mtu?" Ukisema yupo, alingoja huyo wa nyuma atokee. Ukisema hakuna, alisema, "Basi umefika," na hapo ndipo mkono wake ulitoka mfukoni kukusalimu.

Wageni walidhani ni mzee mwenye hofu ya wezi. Sisi majirani tulijua ni reli. Tulimwita Mzee wa Reli, na jina lake halisi nililisikia siku waliposoma maisha yake kwenye mazishi. Wengi tulitazamana, kama watu walioingia matanga yasiyo yao. Sitaliandika hapa kwa sababu si kwa jina hilo nilimjua.

Alikuwa amefanya kazi katika stesheni ndogo za njia ya Kisumu, kule chini ya Londiani, na kabla ya hapo katika tawi moja la reli ambalo hakulitaja. Watu wake walikuwa wa upande wa Kakamega. Alipostaafu alinunua kipande cha ardhi juu ya mteremko wetu, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka Kapsoit, akapanda chai kama sisi. Alijifunza Kipsigis cha kusalimia na cha kukemea mbwa. Mengine yote aliyasema kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayepanga mawe.

Kwa maneno alikuwa mgumu. Mtu akisema reli imepita, alimsahihisha pale pale. Reli haipiti, alisema, reli imelala chini. Inayopita ni treni. Na injini ikipita peke yake bado hajaiona treni, ameona injini inayotembea. Treni ni treni ikiwa na taa ya mkia, ile taa nyekundu inayofungwa nyuma ya behewa la mwisho. Mwenye stesheni asipoiona taa ile hawezi kusema treni imefika, hata kama injini imesimama mbele yake na abiria wanashuka. Atasema imeingia tu. Huenda behewa limekatika na kubaki nyuma, gizani, juu ya njia ambayo treni nyingine inakuja kuitumia.

"Kuingia ni kichwa," alisema. "Kufika ni mkia."

Kwenye harusi moja ya pale kijijini, gari la bibi harusi lilipotokea akina mama walipiga vigelegele na kila mtu akaketi. Yeye alibaki amesimama kwenye jua kali. Mzee wa kijiji alimwambia aketi, bibi harusi amefika. Alijibu kwamba ameingia. Aliketi ilipokuja pikapu ya mwisho yenye mashangazi na masufuria. Watu walicheka sana. Mmoja akamuuliza, na mke wako, mzee, yeye ni injini ama treni? Alifikiri kweli kweli, kisha akasema, "Huyo ndiye stesheni. Mimi ndiye hupita." Mkewe, ambaye huzungumza kwa nadra, aliinamisha uso kwenye kanga akicheka.

Nayasema haya ili mtu asifikiri alikuwa mzee wa huzuni. Aliimba kanisani kwa sauti mbaya na hakuona haya. Alikunywa chai bila maziwa, katika nchi ambayo mtu hunyimwa maziwa na adui tu, na mama mkwe wangu hakumsamehe kwa hilo mpaka mzee alipokufa. Ndama walimpenda. Lakini alikuwa na tabia moja ambayo hatukuizoea. Katikati ya mazungumzo alinyamaza ghafla, akageuza sikio la kushoto upande wa mteremko, akasikiliza. Nasi tulinyamaza. Tulisikia upepo kwenye mikaratusi, ama hatukusikia kitu. Kisha aliendelea pale alipoachia bila kueleza.

Na mtu huyu aliyesema habari za reli kila siku sikuwahi kumwona akipanda treni. Akienda Kisumu kwa binti yake alipanda basi. Mume wangu, aliyekuwa mtu wa utani, alimuuliza sababu. Mzee alisema kwamba ukiwa ndani ya treni huwezi kuona nani ameshika stafu. Mume wangu alicheka. Mimi nilikuwa nikimimina chai, na sikupenda jinsi jibu lile lilivyotua mezani.

Sasa nieleze stafu.

Barabara yetu ya kwenda senta ya chai, mahali majani hupimwa na kupokelewa, inashuka mteremko mkali. Upande mmoja ni ukingo wa udongo mwekundu, upande wa pili ni genge, na katikati kuna kona kali kabla ya daraja la magogo. Gari moja hupita. Mawili hayapishani, na mvua ikinyesha hakuna anayeweza kurudi nyuma. Wa juu hamwoni wa chini. Zamani madereva walipiga honi kwenye kona na kumwachia Mungu. Siku moja lori la majani likakutana na mkokoteni wa punda, punda akaenda gengeni na mkokoteni wake, na mwenye punda akabaki ameshika kipande cha kamba.

Mzee wa Reli alikuwa mgeni mwaka huo. Hakuitisha mkutano. Alikata tawi la mzeituni mwitu, akalichonga fimbo, akalipaka pete nyekundu na nyeupe. Akasimamisha nguzo mbili zenye misumari, moja juu karibu na lango lake, nyingine chini kando ya daraja. Sheria yake ilikuwa moja. Mwenye gari, trekta au mkokoteni hapiti bila fimbo ile. Aliyeikuta juu anashuka nayo na kuitundika chini. Anayetaka kushuka akaikosa juu, angoje mpaka mtu apande nayo. Wanaotembea kwa miguu aliwaachia, kwa kuwa wao hupishana.

Alieleza kwamba kwenye tawi la reli yenye njia moja fimbo kama ile huitwa stafu. Signali, alisema, inakuambia pita. Stafu haikuambii kitu. Stafu ni njia yenyewe. Ukiishika umeishika njia yote, na kwa kuwa iko moja duniani, hakuna mwingine aliyeishika.

Walimdhihaki mwanzoni. Wakamwita Steshen Masta. Lakini mvua kubwa zilipita bila gari kwenda gengeni, na dhihaka ikageuka mazoea. Madereva wageni walifundishwa na akina mama wa daraja waliokuwa wakifua nguo.

Shida ilikuwa majani. Majani mabichi ya chai hayangoji mtu. Yakishindiliwa kwenye trela jua likiwaka, yanapata joto, yanakuwa mekundu kama yaliyopikwa, na karani wa senta anayakataa. Siku za mavuno makubwa magari matatu au manne yalifuatana kushuka. La kwanza liliondoka na fimbo na yaliyobaki yakakaa juu yakingoja mtu apande, na wakati mwingine hakuna aliyekuwa akipanda. Mume wangu alikuwa dereva wa trekta ya mkulima mmoja mkubwa. Alirudi nyumbani akilalamika kama wenzake. Siku moja alimwambia mzee mbele yangu, bila utani, "Mzee, hii kijiti yako inatupikia majani."

Mzee alikaa na neno hilo kwa muda. Kisha akaleta vibao vidogo vyeupe, akavitia kwenye mkebe uliofungwa kwenye nguzo ya juu. Akatukusanya, akaeleza kwa makini kuliko nilivyowahi kumsikia. Hivi si stafu, alisema. Hivi ni tiketi. Magari yakifuatana, ya mbele yashuke na tiketi, na la mwisho ndilo lishuke na stafu, likiwa limefunga kitambaa chekundu nyuma ili walio chini wajue msafara umefika. Ukifika chini unatia tiketi kwenye mkebe wa huko, na mwenye kupanda na stafu anazirudisha zote. Hakuna kuchukua tiketi bila kuiona stafu kwa macho yako, ikining'inia kwenye msumari mbele yako.

"Stafu ni njia," alisema. "Tiketi ni ushahidi kwamba uliiona njia. Mtu asiwaambie ni kitu kimoja."

Tuliitikia wote. Mimi nilielewa. Mume wangu alielewa kuliko mimi, maana usiku ule ndiye aliyemweleza ndugu yake, kwa kutumia mwiko na vijiko.

Lakini mkono wa mtu una akili yake. Kibao kilikuwa chepesi, kiliingia mfukoni, na kilifanya kazi. Baada ya msimu mmoja madereva hawakusema tena wameiona fimbo. Walisema, "Tiketi ninayo." Wengine walifika chini mvua ikinyesha, wakaona uvivu wa kushuka kwenye gari, wakaondoka na kibao. Mzee akaanza kuona mkebe unapungua. Alipita nyumba kwa nyumba akiuliza. Kwetu alikuja asubuhi, akasimama langoni, akauliza swali lake la nyuma yako, kisha akauliza vibao. Mume wangu alimwambia labda watoto wameviwashia moto.

"Ningejua vimechomwa ningelala," mzee alisema. "Sivijui viko wapi."

Wiki zile alinyamaza mara nyingi zaidi akigeuza sikio. Mkewe aliniambia ameanza kuinuka mezani na kwenda hadi nguzoni kuhakikisha fimbo iko upande gani, na chakula kinapoa.

Siku yenyewe nimeelezwa na akina mama wa darajani, maana mimi nilikuwa shambani nachuma. Lori tupu lilikuwa chini, linataka kupanda. Mzee alikuwa pale. Alimuuliza dereva kama nyuma yake kuna mtu, dereva akasema hakuna, akampa fimbo. Lori likaanza kupanda. Akina mama wanasema mzee aligeuza sikio kama kawaida yake, na safari hii hata wao walisikia: trekta ikishuka.

Walidhani atapiga kelele. Hakupiga. Alisimama akitazama mikono yake, kisha msumari mtupu wa nguzo, kama mtu anayetafuta kosa lake. Fimbo ilikuwa kwenye lori, yeye mwenyewe ameitoa kwa mkono wake, kwa hiyo trekta ile haikuweza kuwapo. Kichwa chake chote kilijengwa juu ya jambo hilo. Ndipo akakimbia kupanda mlima, mzee wa umri ule, mkono mmoja juu. Hakufika mbali.

Mume wangu alijaribu kuegemea ukingo. Trela iliyojaa ikamsukuma gengeni.

Kibao cheupe kilitoka kwenye mfuko wa shati lake. Waliniletea pamoja na kofia.

Kwenye mazishi ya mume wangu Mzee wa Reli hakuingia bomani. Alisimama langoni, mkewe kando yake, mpaka mwombolezaji wa mwisho akatoka. Alimtazama usoni kila aliyepita. Hakumuuliza mtu swali lake.

Ilikuwa miaka ambayo neno mgeni lilikuwa limeanza kuwa na uzito kwetu. Ulilisikia sokoni Bomet, ulilisikia njiani, likisemwa kwa sauti ya chini na watu walionyamaza ulipokaribia. Sehemu nyingine nyumba zilikuwa zimeungua. Kwetu hapakuwa na moshi, lakini baada ya mazishi vijana walianza kukaa jioni kwenye ukingo mkabala na lango la mzee. Hawakufanya kitu. Walikaa tu, na asubuhi mkewe alikuta mistari ya miche yake michanga imekanyagwa.

Baraza likaitwa kwenye uwanja wa kanisa. Shemeji yangu, ndugu ya marehemu, alisema kwanza. Alisema mzee alituletea sheria za kwao, zikaua mtu wetu, na sasa azichukue aende nazo. Wengi waliguna kukubali. Nilimwona mkewe amejikunja kwenye benchi, akitazama viatu vyake, na nikajua kwamba baraza likivunjika hivyo, usiku ule au unaofuata wale vijana hawataketi tena.

Nikaomba kusema. Mama mkwe alinivuta nguo. Nilisimama hivyo hivyo.

"Kibao kilitoka mfukoni mwa mume wangu," nilisema. "Fimbo ilikuwa chini. Hakuiona. Dereva wa lori ndiye alikuwa na haki ya njia. Mume wangu alijua tofauti yake, alitueleza sisi mezani."

Shemeji alisema ninamuaibisha marehemu. Huenda ni kweli. Nilimpenda mume wangu, na hata leo sijapata namna ya kumpenda kwa kumdanganyia.

Ndipo mzee akainuka. Nilitumaini atanishukuru na jambo liishe. Hakunishukuru.

"Mama Cherono amesema kweli," alisema, "lakini ameniachia sehemu yangu. Stafu ilipokuwa peke yake, mtu aliyeikosa alingoja. Alitukana, lakini alingoja. Mlinilalamikia, nikataka kupendwa, nikawapa tiketi. Mahali nilipofanya kazi tiketi ilitolewa na mtu mmoja, na kisanduku chake kilifunguliwa kwa ufunguo uliofungwa kwenye stafu yenyewe. Mimi nilijua hivyo. Nikaweka mkebe wa mafuta ya kupikia, bila kifuniko."

Akaketi. Sikujua kama amejiokoa au amejimaliza. Mzee wa kijiji akasema vibao vyote viletwe vichomwe, na Mzee wa Reli abaki kwake, kwa kuwa mjane amesema. Vilipoletwa vilikuwa vingi. Vilitoka kwenye makoti, chini ya viti vya magari, kimoja kwenye Biblia ya mtu kama alama ya ukurasa. Vijana hawakurudi kwenye ukingo.

Lakini na fimbo nayo ilikufa siku hiyo. Hakuna dereva aliyeigusa tena. Honi zikarudi kwenye kona, na ninapozisikia mpaka leo mikono yangu husimama juu ya majani.

Mimi na mzee hatukuwa maadui. Hatukusalimiana tu. Akiniona mbali aliingia katikati ya mistari ya chai, akasimama na mgongo wake kwangu mpaka nipite. Sikumwita. Niliogopa swali lake. Sikujua ningelijibuje, kwa kuwa nyuma yangu kulikuwa na mtu na hakufika.

Watu walisema amechanganyikiwa kidogo, kwa sababu hii: yeye peke yake aliendelea na fimbo, na kwa miguu. Alishuka nayo, akaitundika chini, akaenda zake senta, akarudi akaichukua, akapanda nayo. Ikitokea mtoto ameichezea na kuipeleka juu, mzee alikaa chini darajani akingoja mtu amshushie. Magari yalimpita yakipiga honi. Yeye aliyewaachia wapita kwa miguu alikuwa amejinyima mwenyewe ruhusa hiyo.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini nilipomkuta uso kwa uso. Nilikuwa natoka senta na kikapu kitupu, mawingu yale ya mchana ya huku Kericho yameshaketi juu ya mikaratusi. Nilipovuka magogo nilimwona kando ya nguzo, amekonda, ameishika fimbo, karibu aanze kupanda. Pale darajani hakuna mistari ya chai ya kuingia. Alitazama huku na huku. Kisha akanyoosha fimbo kwangu.

"Tangulia, mama," alisema.

Mtu mzima akikupa kitu kwa mikono miwili hukatai. Niliipokea. Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyofikiri, rangi imebaki kwenye mifereji tu. Nikapanda. Mvua ilinikuta kabla ya kona. Nilipita pale mahali kwa haraka kama nipitavyo siku zote, bila kutazama genge. Nikafika juu, nikaitundika kwenye msumari, nikaenda zangu.

Nilikuwa nimefika karibu na lango langu nilipogeuka. Hakuna aliyekuwa akija. Nilingoja nimwone akitokea na lile koti lake. Mvua ilizidi. Ndipo nikaelewa amenipa nini. Fimbo ilikuwa juu. Yeye alikuwa chini.

Ng'ombe walikuwa wakilia kukamuliwa. Nilisimama pale nikiwaza kwamba mtu mwingine atamshushia, nikiwaza ni nani huyo, na jibu sikulipata. Nikarudi, nikaitoa kwenye msumari, nikashuka nayo.

Kwenye kona nilisimama. Kwa miaka yote ile nilikuwa nikipita hapo sikio limetegwa juu na chini, kwa kuhofia mlio wa injini. Siku hiyo nilitazama genge, nyasi zimeota, jiwe moja jeupe. Nilikaa kadiri nilivyotaka. Sikutega sikio. Najua madereva hawakuijali fimbo ile tena, lakini nilikuwa nimeishika, na njia yote ilikuwa yangu.

Nilimkuta amesimama palepale, maji yakitiririka ukingoni mwa kofia, mikono mfukoni. Hakuitazama fimbo. Alinyoosha shingo, akatazama juu ya bega langu, kule kwenye kona, kwa muda mrefu.

"Nyuma yako kuna mtu?"

"Hakuna, mzee," nilisema. "Mimi ndiye wa mwisho."

"Basi umefika," akasema, akautoa mkono wake mfukoni. Nikaihamisha fimbo mkono wa kushoto, nikampa wa kulia.